Ushindi Usio na Shahidi

Yako mashindano ambayo kipimo chake si kimoja. Mshindani huingia majini akaogelea. Akitoka humo hupanda baiskeli. Na akishuka katika baiskeli hukimbia kwa miguu mpaka mwisho. Jina lake ni triathloni, neno lenye asili ya Kiyunani, na maana yake ni mashindano matatu. Ya kwanza kwa namna yake ya leo yalifanywa San Diego, Marekani, mwaka 1974, na mwaka 2000 mchezo huu uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Sydney. Yako marefu ya kutwa nzima, na yako mafupi. Katika mafupi aghalabu mtu huogelea mita 750, huendesha baiskeli kilomita 20, na hukimbia kilomita 5. Saa haisimami hata wakati wa kuvaa viatu.

Ufupi huo usikudanganye, msomaji. Baadhi ya mashindano haya hayapiti katika barabara ya lami, bali hupanda vilima, hushuka mabondeni, na hupenya vichakani katika vijia vyembamba vya mizizi na mawe. Katika kijia cha namna hiyo mtu huweza kumtangulia mwenziwe kwa hatua hamsini tu, wala wasionane kwa sababu ya miti na kona za njia. Waamuzi husimama hapa na pale, lakini hakuna mwamuzi nyuma ya kila mti. Basi hapo ndipo linapozaliwa swali ninalotaka tulifikiri pamoja: Mtu aliye peke yake msituni, akiona njia ya mkato, ana sababu gani ya kuifuata njia ndefu?

Wengi watajibu upesi kwamba ataogopa kukamatwa. Jibu hili si la uongo, lakini ni dogo. Hofu ni mlinzi mwenye usingizi: akiwa macho, mwizi hutulia; akisinzia, mwizi huinuka. Ni kweli kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mwaka 1904, katika marathoni ya Michezo ya Olimpiki mjini St. Louis, Marekani, mkimbiaji Fred Lorz alichoka, akapanda motokaa, akachukuliwa maili nyingi; kisha akashuka, akaingia uwanjani kwa miguu yake, akapigiwa makofi kama mshindi. Hila yake ikafichuka mara, na ushindi akapewa Thomas Hicks. Lakini swali letu halikumhusu mtu aliyeonekana. Tuseme Lorz hakuonwa na mtu yeyote. Je, angekuwa ameshinda?

Ili kujibu, yatupasa tujue kwanza mashindano ni kitu gani. Mashindano ni mapatano. Watu wengi hukubaliana kuipata taabu moja, katika njia moja, chini ya sheria moja, ili ijulikane nani ataimaliza kwanza. Nishani anayovikwa mshindi si kitu ila ni neno lililoandikwa katika madini. Neno lenyewe husema: huyu ameipita njia yote mbele ya wenzake. Aliyekata njia kichakani anavaa shingoni neno la uongo. Alitaka ushindi, akapata habari ya ushindi tu. Na habari hiyo huwadanganya watu wote isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye yeye mwenyewe. Zaidi ya hayo, yuko mtu aliyekuja nyuma yake kwa haki, akitokwa na jasho, akanyang'anywa nafasi yake pasipo kujua. Wizi haugeuki kuwa halali kwa sababu aliyeibiwa hana habari.

Yamkini utasema: "Ikiwa wengine wanakata njia, nami nikaifuata yote, si nitakuwa mjinga wa peke yangu?" Hoja hii ina uchungu ndani yake, wala haifai kudharauliwa. Mwaminifu huweza kushindwa na mwongo, na dunia haimlipi sikuzote. Lakini tazama ni nini alichobaki nacho. Anajua kadiri ya nguvu zake. Anajua kwamba kilima fulani kilimshinda mwaka huu, naye aweza kujizoeza akakiweza mwaka ujao. Mwongo hajui kitu. Akiulizwa na nafsi yake, "Waweza nini?" hana jibu, maana hakujipima.

Kwa hiyo mlima na kichaka ni walimu wawili wa somo moja. Mlima haudanganyiki. Hauna habari na jina la mtu wala majivuno yake. Mwenye pumzi hupanda, asiye nazo hushuka akaisukuma baiskeli yake. Kichaka hudanganyika kwa urahisi, na kwa hiyo ndicho kigumu zaidi. Mlima huuliza: una nguvu gani? Kichaka huuliza: wewe ni nani? Wapo wengi wanaolijibu swali la kwanza kwa fahari, wakashindwa na la pili.

Hata hivyo kuacha kuiba si upeo wa wema. Iko daraja ya juu yake, ambayo sheria haiiamrishi. Mwezi wa Septemba 2020, katika triathloni ya Santander, Hispania, Mwingereza James Teagle alikuwa wa tatu, na mwisho ulikuwa karibu. Akakosea njia penye kona. Diego Méntrida, Mhispania aliyekuwa nyuma yake, akampita. Lakini alipogeuka akaona sababu, akasimama mbele ya mstari, akamngoja mwenziwe apite kwanza. Miaka minane kabla yake, Desemba 2012, jambo linalofanana na hilo lilitokea Burlada, katika nchi hiyo hiyo. Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa amepata nishani ya shaba mjini London mwaka ule katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, alikuwa akiongoza. Akadhani amekwisha fika, akapunguza mwendo kabla ya mstari. Iván Fernández Anaya hakumpita, bali alibaki nyuma yake akimwashiria aendelee mpaka mwisho.

Si watu wote waliolisifu tendo hili kwa namna moja. Martín Fiz, mwalimu wake Fernández Anaya, aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995, alisema kwamba lilimwongeza mwanafunzi wake utu, lakini halikumwongeza uanariadha. Neno hili ni zito kwa kuwa limetoka kwa mjuzi. Lakini tulipime. Kama Fernández Anaya angalimpita Mutai, ushindi wake ungalipima nini? Usingalipima miguu yake. Ungalipima kosa la macho ya mwingine. Siku ile miguu yake ilikuwa ya pili, naye alikubali kuwa wa pili. Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Hapa tuweke mpaka, ili wema usigeuke kuwa udanganyifu wa namna nyingine. Kama Teagle angalipitwa kwa sababu ya kuchoka, Méntrida asingalikuwa na wajibu wa kumngoja. Na kama angalimwachia nafasi kwa huruma tu, nishani ingalisema uongo vile vile. Kanuni ni moja kwa mkata njia na kwa mwenye huruma: matokeo na yaseme kweli.

Labda wewe hutashindana kamwe katika mchezo huu. Lakini kichaka chako unacho. Ni chumba cha mtihani wakati msimamizi anapotazama dirishani. Kesho kitakuwa wodi ya wagonjwa usiku wa manane, ambamo muuguzi peke yake ndiye ajuaye kama dawa imetolewa kwa saa yake. Kitakuwa ukuta ambao mwashi peke yake ndiye ajuaye saruji iliyomo. Nchi haiwezi kuweka mwamuzi nyuma ya kila mti. Nao waamuzi wenyewe wangehitaji waamuzi. Hukaa salama kwa watu wanaoifuata njia yote pasipo kutazamwa.

Sheria ya triathloni humtaka aliyeiacha njia arudi pale pale alipoiachia, kisha aendelee. Ni sheria ngumu kwa mtu aliyechoka, kwa maana kurudi nyuma humpotezea dakika zake. Lakini hupotea dakika tu. Anayesonga mbele kwa njia isiyo yake hupoteza safari nzima, hata kama atafika wa kwanza.