Tumaini Halikatazi Kipimo

Je, muumini wa Tunduma anayekwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa retina amepungukiwa imani? Hapana, na ushahidi umo ndani ya jicho lenyewe. Presha ya jicho kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Daktari anapopitisha vifaa vyembamba kwenye matundu madogo, akinyonya ute na kuingiza maji, presha hiyo hupanda na kushuka kwa muda mfupi. Ikipanda mno, damu hushindwa kufika kwenye retina. Ikishuka mno, jicho hulegea na laweza kuvuja damu ndani. Mgonjwa aliyetiwa ganzi hahisi lolote. Basi asichokihisi yeye, mwingine ana wajibu wa kukilinda kwa kipimo, na ulinzi huo ni amana.

Wapo watakaosema: aliyeandikiwa upofu atapofuka tu. Lakini nani ajuaye alichoandikiwa kabla hajatimiza wajibu wake? Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, Yesu anakataa kuuita upofu adhabu ya dhambi; Mtume Muhammad naye aliwahimiza watu kutafuta tiba. Pingamizi zito zaidi ni umbali: kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na tiba haimfai asiye na nauli. Ni kweli, ila hilo linatuhukumu sisi, si tiba. Makanisa na misikiti ya Songwe, mkoa ulipo mji wa Tunduma, ikihimiza wenye kisukari, ugonjwa unaoweza kuharibu retina, kupimwa macho mapema, na ikiwachangia nauli, itakuwa imefanya ibada.