Picha ya Maradhi na Haki ya Mgonjwa

Zinapotajwa mashine mpya za kupiga picha za saratani, watu hugawanyika. Wako wasemao kuwa ni israfu, na wako wasemao kuwa uhai hauna bei, basi zinunuliwe. Kauli zote mbili zataka kupimwa.

Katika mashine ya PET, mgonjwa hupigwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi. Sukari hiyo hukusanyika zaidi penye saratani na kuonekana pichani. Faida yake ni ya kweli. Mwaka 2002 Waholanzi walitangaza utafiti wa wagonjwa 188 waliodhaniwa kuwa na saratani ya mapafu. Kwa wasiopigwa picha hiyo, 41 katika kila 100 walipasuliwa kifua bure. Kwa waliopigwa, 21 tu. Aitaye jambo hili israfu hakufanya insafu.

Lakini sukari ile hupoteza nusu ya mionzi yake kila dakika 110. Litembo iko milimani Umatengoni, wilaya ya Mbinga, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Dawa haiwezi kumfuata mgonjwa kwa gari. Mgonjwa ndiye asafiri. Nauli, malazi na shamba la kahawa aliloliacha havimo katika bei ya mashine.

Na saratani inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi. Alama zinazoitangulia huonekana kwa siki hafifu: muuguzi aliyefundishwa hupaka, hutazama panapogeuka peupe, na mara nyingi hutibu siku ile ile. Na tangu 2018 wasichana wanapewa chanjo nchi nzima.

Ama kusema uhai hauna bei, ni kweli. Lakini uhai wa mama wa Litembo pia hauna bei, na hazina ni moja. Kwa hivyo kuhesabu si ubahili, ni uadilifu. Mizani yake ni swali hili: picha itageuza nini katika matibabu? Ikiwa itamwepusha mgonjwa na kisu, au itamwonyesha tabibu njia ya dawa iliyopo, basi ni haki yake. Ikiwa haitageuza lolote, fedha zile zina mwenyewe mwingine anayezingoja.

Basi tabibu akikuandikia picha, muulize kwa adabu itabadilisha nini. Na mama, mke na dada zako, wahimize wakapimwe kabla hawajaumwa.