Onyo na Tuhuma

Kutojua ni jambo moja, na kutuhumu ni jambo la pili. Bawabu asemaye, "Mgeni huyu simjui," husema kweli, lakini wasikiao wengi hudhani amesema, "Huyu ni mwizi." Baina ya neno lililosemwa na neno lililosikiwa, heshima ya mtu asiye na kosa huweza kupotea.

Msiba huu huwapata mafundi watungao programu za kompyuta peke yao, bila ya kampuni nyuma yao. Fundi huimaliza kazi yake akaiweka katika intaneti ili apendaye aipakue. Mtu wa kwanza kuifungua hukutana na onyo kwamba programu haitambulikani. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft hupima faili litokalo katika intaneti: je, limekwisha kupakuliwa na wengi? Je, lina sahihi ya mtungaji mwenye sifa? Mwaka huo huo Apple iliweka lango la namna hiyo katika kompyuta zake, na cheti cha kupitia hupatikana kwa uanachama ambao ada yake ya kawaida ni dola 99 kwa mwaka. Sifa huletwa na wapakuaji, na wapakuaji hukimbizwa na ukosefu wa sifa. Mgeni hutakiwa awe mwenyeji kabla hajaruhusiwa kuingia.

Walakini lango halikuwekwa kwa chuki. Usilolijua ni usiku wa kiza. Programu ya mwizi huvaa jina zuri, na mtumiaji wa kawaida hana macho ya kuona yaliyomo ndani ya faili.

Basi fundi mwaminifu amwambie nini mtumiaji? Wengi huandika kwa wepesi: "Usijali onyo hilo, bonyeza upite." Kwa programu yake pengine neno hilo ni la kweli, lakini kwa ulimwengu ni fundisho baya, kwa sababu mwizi naye huandika maneno yayo hayo. Fundi huyo hutumia mali isiyo yake, nayo ni hadhari ya watu. Aliyezoezwa kupuuza onyo kwa ajili ya mwema, atalipuuza kwa ajili ya mwovu.

Wala muhuri si wema. Mwaka 2017 programu iitwayo CCleaner ilitolewa na wenyewe, ikiwa na sahihi halali, kumbe wadukuzi wamekwisha kutia sumu ndani yake. Ikaingia katika kompyuta zaidi ya milioni 2. Sahihi hutaja jina la mtiaji. Haitoi ushahidi wa yaliyomo.

Kwa hivi kila upande una deni. Mwenye lango hana budi kusema "simjui" kwa maneno yasiyofanana na "ni mwovu", na kuifanya njia ya kujulikana iwe nyepesi kwa asiye na mali. Fundi naye hana budi kueleza sababu ya onyo, kuidhihirisha kazi yake ili wajuzi waikague, na kumwachia mtumiaji uhuru wa kukataa bila ya lawama. Amana haidaiwi kama kodi. Mwaminifu hujulikana kwa kukubali kuchunguzwa, na kwa subira yake mlangoni mpaka mwenye nyumba aridhike.