Madhara Yasiyoonekana Ni Dhima ya Nani?

Huulizwa: mtu akifanya kazi ya halali, na katika kazi ile yakatoka madhara asiyoyaona, yakampata mtu asiyemjua, je, ana dhima? Wengi hujibu upesi kwamba hana, kwa kuwa hakukusudia. Sisi twaona jibu hilo lina haraka, na mfano wake tutautoa katika jambo la dawa.

Ndugu msomaji, dawa nyingi za kuulia vijidudu asili yake ni udongo. Streptomisini, iliyowatibu wagonjwa wa kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 katika kijidudu cha udongo huko New Jersey, Marekani, na aliyeipata ni Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman. Vijidudu vya ardhini hupigana kwa sumu hizo, na kwa hivyo vingine vimejaaliwa ngao za kujikinga nazo. Ngao hizo ni za kale mno: mwaka 2011 wataalamu walitangaza kuwa wamezikuta katika udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000.

Hapa ndipo mwenye kiwanda apatapo hoja yake. Husema: ikiwa ngao zilikuwako kabla yangu, kosa langu ni lipi?

Na tutazame Patancheru, karibu na Hyderabad, India, penye viwanda vingi vya dawa. Mwaka 2007 watafiti walitangaza walichokipima katika maji yaliyokwisha kusafishwa, yaliyotoka katika mtambo uliokuwa ukipokea maji machafu ya viwanda kama 90. Walikuta siprofloksasini hata miligramu 31 katika lita moja, kiasi kinachoshinda kile kipatikanacho katika damu ya mgonjwa anayeitumia. Maji hayo yaliingia mtoni, na mwaka 2009 visima vya vijiji vya karibu navyo vikaonekana vina dawa. Sasa fikiri: kijidudu dhaifu hufa, chenye ngao husalia, huzaana, na zaidi ya hayo hukipa jirani yake ngao ile, hata kama si cha jinsi yake. Kilichokuwa kichache chawa ndicho kingi.

Basi hoja ile haisimami. Moto ulikuwako kabla ya mwanadamu, wala hapana kadhi amwachiliaye kwa sababu hiyo mtu aliyemimina mafuta ya taa juu ya paa la makuti la jirani yake. Haulizwi ni nani aliyeuumba moto. Na kutojua ni udhuru mpaka habari ifike. Ikisha kufika, huwa ni kupuuza.

Lakini tusiseme ya Hyderabad tukayasahau ya Mombasa. Dawa nyingi madukani petu hutoka India, nasi twazipenda kwa urahisi wa bei. Iko sehemu ya bei hiyo ambayo hakuilipa mwenye kiwanda wala mnunuzi. Aliilipa mwanakijiji mwenye kisima. Je, mnunuzi naye ana dhima? Mgonjwa maskini hana, wala asinyimwe dawa kwa hoja za watu wenye afya zao. Dhima ni ya wanunuao kwa shehena: serikali, wakuu wa hospitali na waagizaji, ambao waweza kuuliza maji ya kiwanda yaenda wapi kabla ya kutia sahihi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maji machafu ya viwanda hivyo. Si sheria, wala haumlazimishi mtu. Lakini mwagizaji atakaye kuuliza, sasa analo la kushika mkononi.