Sweta na Gunia

Juni na Julai hata Ifakara hupata baridi. Si ya Makete, wenzetu wa huko wangetucheka, lakini alfajiri mwendesha baiskeli anayeingia mjini kutoka shambani hujifunga kanga ya mkewe shingoni bila aibu. Ndiyo miezi ya sweta la mtumba kupanda bei. Muuzaji anataka elfu saba, mama anataja elfu tatu. Analigeuza, anavuta uzi kwapani, anaonyesha kifungo kilichong'oka, anaondoka hatua mbili, anaitwa. Linaishia elfu nne. Safi kabisa.

Mama huyohuyo anarudi nyumbani na kumkuta mnunuzi wa mpunga. Ni msimu wa mavuno, kila ua umejaa, bei imelala. Gunia linashonewa kilemba juu, lumbesa ileile iliyokatazwa na sheria ya vipimo, na kilo za ziada zinaondoka bure. Hapo hasemi neno. Shule zinakaribia kufunguliwa, sare hazijanunuliwa, na mnunuzi kaja na fedha taslimu mkononi.

Ukali wa kubishania mia tano ya sweta tunao wote. Mizani ndiyo hatuiulizii. Na sababu ya kunyamaza imepungua. Daraja la Mto Kilombero, lililozinduliwa 2018, limewaondolea wenye malori foleni ya kivuko kuelekea Ulanga na Malinyi. Mnunuzi si mmoja tena. Wa kwanza akikataa kupima, aambiwe asubiri kidogo, anywe chai, mwingine yuko njiani.