Mabaka ya Kujificha, Brashi ya Kuonyesha

Je, kuna ubaya wowote katika kukipamba chombo cha kuulia kwa upendo na subira? Swali hili linaweza kuonekana la mzaha mpaka tuitazame kazi yenyewe. Kifaru cha Kijerumani cha Tiger, pamoja na mzinga wake, kilikuwa na urefu wa takribani mita nane na nusu. Kikipunguzwa mara 35, kipimo ambacho kampuni ya Tamiya ya Japani ilikieneza tangu miaka ya 1960, hubaki na urefu wa sentimita 24 hivi. Mpenzi wa kazi hii hukiunga vipande kwa gundi, hukipaka rangi ya msingi, kisha huchora mabaka kwa brashi nyembamba, tabaka jepesi juu ya tabaka jepesi. Baadaye hupitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa sana kwenye mianya, na kwa brashi iliyo karibu kukauka hugusa kingo ili chuma kionekane kimechubuka. Jioni nyingi huishia hapo.

Insha hii inatetea hoja kwamba brashi haina hatia, ila usahihi una deni. Anayejitaabisha kuijua rangi ya gari la vita anawajibika kujua pia gari hilo lilifanya nini.

Tuanze na mabaka. Mwaka 1914 askari wa Ufaransa waliingia vitani wakiwa wamevaa suruali nyekundu, shabaha nzuri kwa bunduki za adui. Mwaka uliofuata jeshi lao liliunda kikosi maalumu cha maficho kilichoongozwa na mchoraji, Lucien-Victor Guirand de Scévola. Upande wa pili, Mjerumani Franz Marc, mchoraji maarufu wa farasi wa buluu, alipaka rangi maturubai ya kufunikia mizinga ili marubani wa adui wasiione. Aliuawa karibu na Verdun mwezi Machi 1916. Katika Vita Vikuu vya Pili kazi hiyo iliwafikia askari wa kawaida. Kuanzia Februari 1943 magari ya jeshi la Ujerumani yalitakiwa kuwa na rangi ya msingi ya njano ya mchanga. Rangi ya kijani na ya hudhurungi askari walipewa ikiwa nzito, wakaizimua kwa petroli au maji na kuipaka wenyewe, kwa mashine ya kupulizia au kwa brashi. Ndiyo maana magari mawili ya kikosi kimoja yaliweza kutofautiana kabisa.

Hapa tunaona jambo la ajabu. Yule askari alipaka mabaka ili gari lake lisionekane. Mchoraji wa leo hupaka mabaka yale yale ili gari lionekane, lisifiwe na kuwekwa kabatini. Tendo ni moja, kusudi limegeuka. Kwa hiyo hatuwezi kumhukumu huyu wa pili kwa kipimo cha yule wa kwanza. Inatubidi tuulize: kwa kuonyesha anachokionyesha, je, kuna kitu anachokificha?

Wapo watakaosema kwamba plastiki haijamwua mtu, na burudani ya mtu nyumbani kwake haina haja ya mahakama ya maadili. Hoja hii ina uzito. Hakuna anayejeruhiwa. Tena mkono unaojifunza utulivu unajifunza jambo jema. Lakini mtetezi huyo huyo ukimwambia kwamba kijani alichopaka hakikutumika mwaka ule, atakwenda kutafuta picha za zamani na kurekebisha. Yeye mwenyewe amekubali kwamba kazi yake inapaswa kuwa kweli. Akishakubali hivyo, hawezi kusema ukweli unaishia kwenye rangi.

Wengine watasema kinyume, kwamba kazi yote hii ni kuisifu vita. Nao wanazidisha. Mwanahistoria huandika kurasa nyingi kuhusu vita bila kuipenda, na daktari hujifunza ugonjwa kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote. Kukitazama kitu kwa uangalifu si kukisifu.

Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, anataja watu watatu wanaohusiana na kila chombo: anayekitumia, anayekitengeneza na anayekiiga. Mpiga filimbi ndiye ajuaye filimbi njema; fundi humsikiliza; mwigaji huambulia sura ya nje tu. Kwa kifaru, watatu hao ni askari, kiwanda na mchoraji wetu. Lakini mfano wa filimbi unamwacha nje mtu wa nne, ambaye silaha haiwezi kuelezwa bila yeye: yule iliyetumiwa dhidi yake. Huyu hana habari na kijani wala hudhurungi. Anaujua muungurumo.

Sisi tunaosoma katika eneo la Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezwa sana juu ya mtu wa nne. Gari la mabaka likipita barabarani, hakuna anayejadili kama rangi yake ni sahihi. Watu huuliza ni la nani na linaelekea wapi.

Tarehe 10 Juni 1944 askari wa divisheni ya SS iliyoitwa Das Reich waliingia katika kijiji cha Oradour-sur-Glane, Ufaransa, wakaua watu zaidi ya 640. Wanawake na watoto walifungiwa kanisani, na kanisa likachomwa moto. Magofu ya kijiji hicho yamehifadhiwa hadi leo. Magari ya divisheni hiyo hiyo ni miongoni mwa yale yanayopakwa rangi na wapenzi wa kazi hii, namba na alama zikiwa mahali pake barabara. Nchini Ujerumani sheria inakataza kuonyesha swastika hadharani, isipokuwa kwa malengo kama elimu na sanaa, na baadhi ya watengenezaji huifuta kwenye picha za maboksi. Sheria hiyo ina sababu nzuri. Hata hivyo, boksi lililofutwa alama na kubakiza sifa za mzinga ni mabaka mengine: linaficha mwenye gari, linaacha gari.

Basi mchoraji afanye nini? Sisemi aweke brashi chini. Namwomba aendeleze usahihi wake hatua moja. Wengi hukiweka kifaru juu ya kibao chenye udongo na nyasi bandia, kila jani limepakwa rangi. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Kwenye kibao hicho, chini ya jina la kifaru na mwaka wake, kuna nafasi ya sentensi moja: kilipita wapi, na nani alikuwa akiishi hapo. Akiweza kuiandika na bado akafurahia kazi yake, furaha yake ni halali. Na akiona sentensi hiyo itaharibu uzuri wa kifaru, ajiulize ni uzuri gani huo usioweza kukaa karibu na ukweli.