Subira ya Nani?

Mwaka 2024 mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni akiushika mkono aliochomwa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. "Bibi," akaniuliza, "mbona dada alichomwa mara mbili, mimi mara moja? Inatosha kweli?" Nikamjibu kuwa inatosha. Lakini usiku nilijiuliza: waliotuambia kuwa inatosha walijuaje?

Walijua kwa sababu kuna watu waliosubiri. Wahenga walisema subira huvuta heri. Hawakutuambia heri hiyo humwendea nani. Katika utafiti wa namna hii huyu hupewa kinga, yule hapewi, kisha hutazamwa nani atakayepatwa. Je, ni haki kumtazama binadamu mwenzako hivyo?

Ipo subira iliyo dhuluma. Mwaka 1966, katika hospitali ya National Women's mjini Auckland, New Zealand, Dk. Herbert Green alianza kuwafuatilia wanawake wenye seli zilizoharibika kwenye mlango wa kizazi bila kuwapa tiba ya kawaida. Aliamini kuwa seli hizo hazigeuki kuwa saratani. Wanawake waliitwa kliniki mara kwa mara, wakapimwa, wakarudi makwao. Hawakuambiwa kuwa wamo katika majaribio. Tume ya Jaji Silvia Cartwright iliyathibitisha hayo mwaka 1988. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kuwa kati ya wale waliokatwa kinyama kidogo tu cha kupimwa, wapatao 31 katika kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kati ya waliotibiwa ipasavyo, hakufika hata mmoja katika 100.

Ipo na subira nyingine. Kuanzia mwaka 2018, wasichana 2,275 wa Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 20, waliingia katika utafiti wa dozi moja. Wengine walipewa chanjo hii, wengine ya homa ya uti wa mgongo. Walielezwa, wakaridhia, na baadaye waliokosa nao wakachanjwa. Majibu yalipotoka mwaka 2022, yalionekana maambukizo 38 ya kudumu ya aina mbili hatari za kirusi kinacholeta saratani hiyo. Kati ya hayo, 36 yalikuwa katika kundi lililosubiri. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja.

Utasema, ndugu msomaji, kwamba aliyeridhia hana la kudai. Mimi naona ridhaa humwondolea mtafiti lawama, lakini haitufutii sisi deni. Wale 36 si tarakimu; ni mabinti wa watu, na heri ya subira yao imefika kwangu.

Asubuhi nilimwita mjukuu wangu. Nikamwambia: "Inatosha, mwanangu. Kuna dada zako huko Kenya waliosubiri ili sisi tujue. Usiwasahau."